Majeneza Langoni kwa Mfalme wa Altareni

Namna Namkunda binti Mshana alivyofika Altareni si habari ya kutukalisha hapa; mwenye miguu na sababu hufika. Sababu alikuwa nayo. Kwao, katika vilima vya Mteri, kila chifu alikuwa na mkuki wake na kila mkuki ulikuwa na kesi yake. Baraza la wazee, ambalo yeye alikuwa mwanamke pekee ndani yake, lilikuwa limesikia kwamba ipo nchi ambako mtu asiye na upanga humwamuru mwenye upanga, naye mwenye upanga akatii. Wazee wenzake walicheka. Namkunda hakucheka. Alifunga mzigo akaenda kujionea.

Kitu cha kwanza alichokiona Altareni ni watu waliosimama kama miti. Jua lilikuwa la utosi. Kengele ililia kutoka mahali asipopaona, na pale pale mkulima akaacha jembe hewani, mama aliyekuwa akimkemea mwanawe akaacha neno katikati, hata punda wakasimama, maana walikuwa wamezoea. Midomo ikawa inacheza bila sauti. Kengele iliponyamaza, jembe likashuka na yule mama akamalizia neno lake.

"Ni sala ya adhuhuri, mama," askari wa lango alimweleza. "Hapa kengele ikilia, hakuna kingine."

"Na kama mwizi anakimbia?"

"Mwizi naye husali."

"Na anayemfukuza?"

"Naye pia. Wote wawili husimama. Ikinyamaza, wanaendelea."

Alilisema hilo bila kutabasamu, kama mtu anayeeleza kwamba maji huteremka.

Askari huyo aliitwa Lamberti, mmoja wa walinzi wa mfalme, na kwa kuwa mgeni hakuwa na pa kulala, alimpeleka nyumbani kwake. Mkewe, Perpetua, alikuwa mfumaji, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Alimpa Namkunda kitanda karibu na jiko, akamwita mama tangu siku ya kwanza. Katika nyumba hiyo aliishi pia baba yake Perpetua, Mzee Anselmi, mwashi wa mawe, aliyekuwa na vumbi jeupe kwenye kope kiasi kwamba hata akioga halikutoka.

Mzee Anselmi ndiye aliyempeleka kuliona Kanisa Kuu.

Namkunda alikuwa mtu wa milima, aliyekulia mahali ambapo mawingu hupita chini ya miguu, na hakudhani kama kuna kilichojengwa na binadamu kingeweza kumfanya ashike kilemba chake. Alikishika. Nguzo zilipanda juu mpaka jicho likachoka, kisha zikainamiana huko juu kama mitende iliyokumbatiana. Madirishani mlikuwa na vioo vya rangi, na jua lilipopita humo liliwamwagia waliopiga magoti rangi nyekundu na buluu, mpaka ombaomba aliyekuwa karibu na mlango akaonekana amevaa kuliko mfalme. Nyuma ya ukuta, bila kuonekana, wanaume walikuwa wakiimba, wote kwa sauti moja, na sauti ile haikuonekana kutoka vinywani. Ilionekana kutoka kwenye mawe.

"Nani alijenga?" aliuliza kwa kunong'ona, ingawa hakuna aliyemwambia anong'one.

"Bado tunajenga," Mzee Anselmi alisema. "Babu wa babu yangu alichimba msingi. Mjukuu wa mjukuu wangu, Mungu akipenda, ataezeka mnara."

"Na wewe?"

Mzee alinyoosha kidole upande wa kushoto. "Nguzo ile. Na nusu ya ile ya pili."

"Maisha yako yote?"

"Maisha yangu yote," alisema mzee, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zaidi ya haki yake.

Siku zilizofuata Namkunda alizunguka akiuliza, kama mjumbe anavyopaswa. Aligundua kwamba Altareni mtoto hana jina mpaka Kanisa limpe, mume hana mke mpaka Kanisa liseme, na maiti haina kaburi mpaka Kanisa lifungue ardhi. Siku za vita zilipangwa na Kanisa: Alhamisi mpaka Jumapili ilikuwa dhambi kuuana, kwa hiyo majeshi yaliwahi kuuana Jumatatu. Wakati wa Kwaresima nyama ilikatazwa, na wanazuoni walikuwa wamebishana tangu enzi za mababu zao kama bata ni nyama au samaki. Upande mmoja ulisema ana manyoya. Upande wa pili ulisema anaogelea, na upande huo ulikuwa na watu wanene zaidi.

Aliingia pia katika mahakama ya Kanisa siku viwavi waliposhtakiwa. Walikuwa wamekula kabichi za bonde zima. Hakimu alikuwa Kanoni Fulgensi, padri msomi wa Kanisa Kuu, mwenye mikono laini, na viwavi walikuwa wamewekewa wakili, maana sheria haimhukumu asiyetetewa. Wakili alisimama akasema kwamba wateja wake hawakufika kwa sababu wito ulisomwa shambani kwa Kilatini, lugha ambayo viwavi hawaijui.

Kanoni Fulgensi alifikiri kwa muda mrefu. "Wenye mashamba nao hawaijui," alisema hatimaye, "na bado wanatii."

Hapakuwa na aliyecheka. Viwavi walipewa muda wa kuhama.

Namkunda alipomsimulia Perpetua jioni hiyo, alitarajia wacheke pamoja. Perpetua aliendelea kufuma. "Mwaka wa mafuriko mto uliamriwa urudi nyuma," alisema. "Padri alisimama ukingoni na msalaba, maji yakamfika kiunoni. Hakutoka. Nilikuwa mdogo, niliona kwa macho yangu. Mto ulirudi."

"Mito yote hurudi, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Lakini ni nani mwingine angesimama nasi pale mpaka urudi?"

Namkunda alimshikia uzi.

Basi, mambo yalikuwa hivyo mpaka ilipotokea habari ya Odilo.

Odilo alikuwa msagaji wa nafaka, mwenye kinu cha maji nje ya mji. Msimamizi wa mali ya mfalme alikuja kulichukua jiwe lake la kusagia, wakagombana, na Odilo akamvunja mkono. Alijua adhabu yake ni kifo. Alikimbia moja kwa moja mpaka Kanisa Kuu, akaikumbatia altare, meza ya sadaka iliyotandikwa kitambaa cheupe, na kwa sheria ya nchi ile aliyeishika altare hashikwi. Hata muuaji, akiisha kuigusa nguo ile nyeupe, ni mgeni wa Mungu.

Mfalme Rainaldi alikuwa kijana, na hasira yake ilikuwa changa kuliko yeye. Alituma wapanda farasi. Waliingia na farasi wao mpaka ndani, kwato zikilia juu ya makaburi ya maaskofu, wakamvuta Odilo miguu huku vidole vyake vimeng'ang'ania kitambaa cha altare. Kitambaa kilichanika. Waliokuwepo walisema sauti ya kuchanika kwake ilisikika kuliko mayowe ya mtu.

Kesho yake Askofu Agatoni aliuita mji.

Namkunda alikuwa amejiandaa kumwona mtu mkubwa. Aliyepanda ngazi za altare alikuwa kizee mwembamba, shingo yake imepotea ndani ya kola, anayeshikwa mkono na padri asije akaanguka. Hakupaza sauti. Alisema kwamba nyumba ya Mungu imevunjwa na mfalme, na kwa kuwa mfalme hakutaka Mungu awe na mlango, basi milango yote itafungwa. Mapadri waliokuwa nyuma yake kila mmoja alishika mshumaa uliowaka. Waliigeuza mishumaa yote kwa pamoja, wakaizima sakafuni. Harufu ya moshi ikatambaa mpaka nyuma ya kanisa. Sanamu za watakatifu zikafunikwa nguo nyeusi. Juu mnarani, ndimi za kengele zikafungwa matambara.

"Kimya," alisema Askofu, na hilo ndilo lilikuwa jina la adhabu.

Mwanamke mmoja alianza kulia, kisha wengine, na kilio kikatoka nje na kushuka mitaani.

Asiyeishi katika nchi kama ile hawezi kujua Kimya ni nini. Namkunda alidhani watu wangefurahi kupumzika na kengele. Badala yake walipotea. Mikate iliungua majikoni, maana walikuwa wakiipima kwa kengele. Mafundi hawakujua wakati wa kuacha kazi. Wengine walifanya kazi mpaka wakaanguka, wengine walikaa kizingitini tangu asubuhi mikono ikiwa mapajani. Ndoa zilikatazwa. Watoto waliozaliwa walikaa bila majina, na mama zao waliwaita "wewe" kwa sauti ya hofu. Na waliokufa hawakuzikwa. Makaburi yalikuwa ardhi iliyobarikiwa, na ardhi ilikuwa imefungwa. Majeneza yaliwekwa nje ya ukuta wa makaburi, juu ya mawe, yakingoja.

Mfalme alisema mezani kwake kwamba kengele hazijawahi kushinda vita. Lakini mpishi wake aliacha kuja. Kisha mtu wa kumtandikia farasi. Mama yake mzazi akahamia nyumba ya watawa asile chakula kimoja na mtu aliyetengwa na Kanisa. Lamberti alirudi nyumbani akisema kwamba mfalme hula mkate mkavu, na kwamba akipita ukumbini walinzi hutazama ukuta.

"Na wewe unatazama wapi?" mkewe alimwuliza.

"Ukuta," alisema Lamberti.

Katika siku hizo Mzee Anselmi alikufa. Hakuugua sana. Alikaa kizingitini akitazama mnara usiolia, na wakati wa chakula Perpetua alipomgusa bega, bega lilikuwa baridi. Alikufa bila mafuta matakatifu wala sala, mtu aliyetoa maisha yake yote kwa nguzo moja na nusu.

Kwao Namkunda maiti haipitishwi siku ya pili. Joto lilikuwa kali. Alivumilia, akavumilia tena, mpaka hali ya lile jeneza nje ya ukuta ikawa haivumiliki, na inzi wakawa wingu. Akachukua jembe kibarazani.

"Twende tukamzike, mwanangu. Pale shambani kwako, chini ya mpera. Ardhi ni ardhi. Nitachimba mimi."

Perpetua aligeuka, na kwa mara ya kwanza mgeni aliiona mikono yake imetulia.

"Umzike kama mbwa?"

"Nimzike kama mtu. Nimewazika wazazi wangu hivyo, na ndugu zangu."

"Hao wa kwako, nani atawaita?" Perpetua alisema. "Mimi baba yangu ataitwa. Siku ya mwisho tarumbeta italia, na waliolala katika ardhi ya Kanisa watainuka pamoja, kila mtu na wa kwake. Mama yangu yuko pale. Anamngoja. Nikimlaza chini ya mpera, atainuka peke yake, atazame huku na huku, asimwone mtu." Alinyoosha kidole kwenye jembe. "Usiniambie ardhi ni ardhi, mama."

Namkunda aliliweka jembe chini. Alikuwa amekaa katika mabaraza kwa miaka mingi, na alilijua neno lisilo na jibu akilisikia. Alikaa karibu na yule mwanamke mpaka mikono yake ikaanza tena kucheza.

"Basi ni nani aliyeifunga ardhi?" aliuliza hatimaye.

"Askofu."

"Kwa sababu ya nani?"

Perpetua aliinuka, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa jirani aliyekuwa amempoteza mtoto, na kutoka pale akaenda kwa jirani wa pili.

Asubuhi iliyofuata wanawake wa Altareni waliyabeba majeneza yao. Hakuna aliyetoa amri. Walitoka vichochoroni kama maji yanavyotafuta mto, wanne kwa kila jeneza, na madogo yakabebwa kichwani na mama mmoja mmoja. Namkunda alishika pembe ya kushoto ya jeneza la Mzee Anselmi. Hawakuimba, maana kuimba kulikatazwa. Kilichosikika ni nyayo tu, nyayo nyingi, na mbao zikilia chini ya uzito. Walipanda mlima wa ngome ya mfalme, na mbele ya lango lake wakashusha mizigo yao. Mmoja akashusha, mwingine akashusha kando yake, mpaka uwanja ukajaa, na barabara ikajaa, na waliochelewa wakashusha hukohuko chini mlimani.

Walinzi walikuwa wamepanga mikuki. Mkuu wao alipaza sauti kwamba atakayepiga hatua moja zaidi atachomwa. Hakuna aliyepiga hatua. Wanawake walikaa chini, kila mmoja kando ya maiti wake.

Lamberti alikuwa katika safu ya mbele. Aliliona jeneza la mkwewe, na mkewe aliyekaa chini kando yake bila kumtazama. Kulia kwake alikuwa kijana ambaye nyanya yake alikuwa ndani ya jeneza la tatu. Kushoto, mtu aliyezaa mtoto na kumpoteza kabla hajapata jina. Upepo uligeuka, ukapeleka harufu juu ya ukuta, ndani ya kumbi, mpaka kitandani kwa mfalme.

Lamberti aliuinamisha mkuki wake. Hakuutupa, aliulaza chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akapiga goti. Yule wa kulia akafuata. Sauti ya mikuki ikigusa mawe ikaenda safu kwa safu mpaka ikaisha, na mkuu wa walinzi akabaki amesimama peke yake katikati ya watu waliopiga magoti, akitazama huku na huku. Mwishowe naye akavua kofia yake ya chuma.

Lango likafunguka kutoka ndani.

Mfalme Rainaldi alitoka akiwa amevaa shati la gunia, miguu mitupu, kichwa wazi. Namkunda alikuwa amewaona machifu wakishindwa vitani, wakiletwa kwa kamba, na hata hao walikuwa na kiburi cha kutema mate. Huyu hakuwa amefungwa na mtu. Alipita kati ya majeneza, kwenye njia nyembamba, akilazimika kugusa mbao kwa mikono asije akaanguka. Kila alipogusa alisema jambo kwa sauti ya chini. Nyuma yake alikuja Odilo, amekonda, amefunguliwa minyororo, hajui aende mbele au nyuma, na mfalme aligeuka akamshika mkono, wakashuka mlima hivyo, mfalme akimwongoza msagaji, na wanawake wakabeba tena maiti wao wakawafuata.

Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Lakini mlango wa Kanisa Kuu ulikuwa umefungwa.

Mfalme alipiga magoti kwenye ngazi. Mvua ilianza, mvua nzito ya joto. Dirisha dogo lilifunguliwa juu ya mlango, na Kanoni Fulgensi akatoa kichwa. Alisoma kwa sauti iliyonyooka kwamba kwa mujibu wa sheria mtubu wa cheo cha mfalme hungoja nje mpaka Jumapili, bila chakula, ili toba yake ionekane na watu wote.

"Ni Jumatatu," mtu mmoja alisema katika umati.

"Sheria haina siku," alijibu Kanoni, ingawa ndiyo kwanza alikuwa ameitaja Jumapili.

Maji yalitiririka juu ya vifuniko vya majeneza. Watu walitazamana, kisha wakatazama chini, tayari kungoja. Namkunda aliona nyuso zao na akaelewa kwamba kweli wangengoja. Wangekaa pale na wafu wao mvuani mpaka Jumapili, na ile iliyofuata kama wangeambiwa. Nywele zilimsimama. Hakuwa na hakika kama ni kwa hofu au kwa heshima.

Perpetua alipanda ngazi. Alimpita mfalme kana kwamba ni ndoo iliyoachwa njiani, akaupiga mlango kwa kiganja.

"Baba Askofu!"

"Nyamaza, mwanamke," Kanoni alisema kutoka juu.

"Sikusemeshi wewe, bwana. Baba Askofu! Ni Perpetua, binti Anselmi mwashi. Mfalme anaweza kungoja mpaka Jumapili. Ana mwili unaojua kungoja. Baba yangu hana."

Kisha komeo likasikika, likisukumwa kwa shida na mikono isiyo na nguvu, na mlango ukafunguka kiasi cha upana wa mtu. Askofu Agatoni alisimama hapo peke yake. Waliomwona walishtuka, maana tangu siku ya mishumaa hakuwa ametia kinywani ila maji, na macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya wale waliokuwa majenezani. Alikuwa ameibeba adhabu ile aliyoitoa, naye hakumwambia mtu.

Alimgeukia Perpetua.

"Mwanangu," alisema, "unajua kwamba mimi ndiye niliyemfungia baba yako kaburi?"

"Najua."

"Si mfalme. Mimi."

"Najua, Baba."

"Na bado unaniita Baba?"

Perpetua aliinua uso wake uliolowa. Hapakuwa na hasira humo, wala unyenyekevu wa kuigiza. Palikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Nikuite nani tena?" alisema.

Mzee alishika mlango kwa mikono miwili, akauvuta wote wazi mpaka ukagonga ukuta, akatoka mvuani. Alimwinua mfalme kwa kumshika kiwiko bila kumtazama, kama mtu anayeondoa kiti njiani, akaenda mpaka kwenye jeneza la kwanza, akaweka mkono juu yake, akaanza sala. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini mapadri walioisikia walitoka mbio, na mmoja wao akapanda mnarani akararua matambara kwa meno.

Ya baadaye Namkunda aliyasimulia mara nyingi, na kila mara alishindwa mahali hapo hapo. Alisema tu kwamba kengele zilipolia, mji mzima ulipiga ukelele mmoja, na kwamba yeye, ambaye hakuwa mtu wa imani ile, alijikuta amepiga magoti matopeni bila kujua ni nani aliyemwinamisha. Mzee Anselmi alizikwa siku ile ile kando ya mkewe. Watoto waliokuwa wanaitwa "wewe" walipata majina, wengine wakiwa bado wanalia kwa mvua.

Kesho yake, Namkunda alimwendea Kanoni Fulgensi kumuaga. Kanoni alikuwa na furaha. Heshima ya altare, alisema, imerudishwa, na itakumbukwa mpaka mwisho wa dunia.

"Na Odilo?" aliuliza Namkunda.

"Odilo yupi?"

"Aliyeburutwa."

"Ahaa. Huyo." Kanoni alipanga mikunjo ya joho lake. "Huyo alimvunja mtu mkono. Altare inamlinda asiuawe. Haimlindi asifukuzwe. Ataondoka nchini kwa barabara kuu, ameshika msalaba wa mti. Akiwa nao hakuna atakayemgusa. Akiacha barabara au akiuweka chini kabla ya mpaka, yeyote anaweza kumwua."

"Na jiwe lake la kusagia?"

"Mfalme amelitoa sadaka kwa Kanisa," alisema Kanoni. "Ni sehemu ya toba."

Kwa hiyo Namkunda, aliyekuwa anaelekea upande ule ule, alitoka Altareni pamoja na msagaji. Perpetua aliwasindikiza mpaka mwisho wa mji, akamkumbatia mgeni wake, akampa Odilo mkate, akapiga magoti mbele ya msalaba wake akaubusu. Odilo aliushika kwa mikono miwili kifuani. Ulikuwa vijiti viwili tu vya mti wa kawaida, vimefungwa kwa kamba. Njiani walikutana na wapanda farasi, na miongoni mwao alikuwepo yule msimamizi, mkono wake ungali umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alimtambua. Uso wake ukageuka rangi. Kisha akashuka kwenye farasi kwa shida, akapiga magoti vumbini, mpaka msalaba ulipopita.

Odilo aliukaza msalaba kifuani mpaka walipofika kwenye kona.

Mpaka ulikuwa mto usio na kina. Ukingoni palikuwa na rundo la misalaba ya mti, mirefu na mifupi, ya chini imeoza na kuota kuvu, ya juu bado ina magome yake. Kila aliyefukuzwa alikuwa ameuacha wake pale, maana msalaba ule ni mali ya nchi. Namkunda hakujaribu kuihesabu. Mmoja ulikuwa mdogo kiasi cha mkono wa mtoto.

Odilo aliuweka wake juu ya rundo. Akauchukua tena. Akauweka.

"Ng'ambo wanaujua huu?" aliuliza.

"Hawaujui," alisema Namkunda.

"Basi huko mimi ni nani?"

Namkunda alimshika mkono, wakavuka, maji yakiwafika magotini. Ng'ambo palikuwa na mwanamke akichota maji. Aliwatazama, akautua mtungi.

"Karibuni. Mnatoka kule kwenye kengele?" Akamtazama Odilo. "Wewe ni nani, ndugu yangu?"

Odilo alifungua kinywa, akakifunga. Tangu siku ile ya farasi alikuwa ameitwa mhalifu, na mkimbizi, na haki ya altare.

"Msagaji," alisema.

"Msagaji!" Mwanamke alicheka kwa furaha. "Basi njoo uone jiwe letu. Linatusumbua hilo, wewe acha tu."

Alitangulia mbele na mtungi wake kichwani. Odilo alimfuata, mikono yake ingali imekunjwa kifuani, kama imeshika kitu.